Mbweha Nyuma ya Dodoso

Bwana Ganzorig wa idara ya takwimu,
dodoso lako nililipata Jumatatu
nikalifanya kawa la kikombe hadi Alhamisi.
Unauliza, kwa hati ndogo inayoumiza macho,
kama ninaridhika na kazi yangu,
moja hadi tano, nitie wino ndani ya duara.

Nianzie wapi?
Saa kumi na moja alfajiri Ulaanbaatar haina mbingu,
ina moshi wa makaa na baridi inayogandisha kope.
Napanda ghorofa ya tatu kwa miguu, lifti imekufa tangu Oktoba,
hadi chumba cha joto wanakolala watoto njiti,
na kweli ni njiti: gramu mia tisa, gramu elfu moja na sitini,
nawapumulia pembeni nisije nikawazima.
Navipanua vikope kwa waya mwembamba,
muuguzi Dulmaa anadondosha maji ya sukari ulimini,
nami nainama, nachungulia nyuma ya mboni
mishipa inayotambaa kama mizizi iliyopotea maji.
Dakika nne kila mmoja. Wako kumi na tisa.
Kiuno changu kimenizidi umri.

Tulikuwa saba katika idara yetu.
Tsolmon kafungua duka la miwani karibu na stesheni,
usiku analala, kanenepa, ananiita mjinga kwa upendo.
Tumebaki watatu, na nchi ni pana.

Swali la tisa: umewahi kujihisi mtupu mwisho wa siku?
Mwanangu hukaa nyuma darasani.
Mwalimu ndiye aliyeniambia haoni ubao.
Mimi! Niliyepima macho elfu mbili mwaka ule.
Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga waliishia hapo;
hawakusema gae likimkata mdomo amlilie nani.

La kumi na mbili sikulijibu.
Lilinikuta siku ya yule wa Khovd,
siku mbili basini, kafungwa ndani ya koti la baba yake.
Nilitazama jicho la kulia, kisha la kushoto,
kisha nikarudi la kulia, kana kwamba lingebadili nia.
Kuna sentensi naijua kwa ghibu, "mngekuja wiki tatu mapema,"
na siku hiyo niliimeza,
maana theluji ndiyo iliyofunga njia, si wao.
Baba aliuliza tu: "Basi rangi za farasi nitamsimulia mwenyewe?"
Nikasema ndiyo. Nikaenda chooni,
nikasimama nikitazama bomba likivuja tone tone
mpaka Dulmaa akaja kugonga.

Lakini usiandike moja, bwana. Subiri.

Mtoto wa jicho ndani ya jicho la mtoto:
ulimi hujikwaa hapo, mkono haujikwai.
Nilimtoa pande zote mbili kwa Uyanga, miaka mitano,
na bandeji zilipofunguliwa alikaa kimya,
sote tukabana pumzi, bibi yake akashika tasbihi,
mtoto akanitazama kwa kituo, akasema:
"Una pua kubwa."
Naibu waziri aliwahi kunipa cheti chenye fremu.
Sijui kiko wapi.
Pua ninayo.

Jana Temuulen alikataa plasta.
Jicho lake zima hulifanyia kazi lile vivu,
sharti tulifunike zima ili vivu lijifunze,
naye anapiga mateke, anang'ata, anaita polisi.
(Nikawaza: nami wangenifunika wiki mbili tu,
wizara ijifunze kuona.)
Sikuwa na karatasi nyingine.
Nyuma ya dodoso lako nikachora mbweha
mwenye plasta jichoni, mkia umetoboa wino
ukatokea upande wa pili, juu ya swali la ishirini.
Akacheka. Akaniachia uso wake.

Nakurudishia hivyo hivyo lilivyo:
doa la chai, maduara matupu, mbweha.
Mashine yako ikishindwa kumsoma
mtafutie mahali kati ya moja na tano.
Ila tatu usimtie.
Pale hajawahi kukaa hata siku moja.